Amana, Mkopo au Mudharaba? Historia ya Hati za Amana za Benki

 

Ndugu msomaji, miongoni mwa mas-ala tunayoulizwa mara kwa mara na kamati za misikiti, wasimamizi wa wakfu na walimu wa madrasa ni hili la hati za amana. Msikiti umekusanya fedha za kujenga ghorofa ya pili na kibali hakijatoka. Wakfu umeuza nyumba mbovu na haujapata nyingine ya kununua. Fedha zipo, si kidogo, na hazina kazi kwa miezi kadhaa. Mwanakamati mmoja anarudi kutoka benki na karatasi nzuri iliyopigwa muhuri, imeandikwa "Hati ya Amana ya Muda Maalumu", na ndani yake imo ahadi: leteni shilingi milioni 50, baada ya miezi 12 mtachukua milioni 54 na nusu. Wazee wanatazamana. Mmoja anasema: "Si imeandikwa amana? Na amana ni jambo jema katika dini yetu."

Maneno ya mzee huyo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Neno amana limetutoka katika Kiarabu likaingia katika Kiswahili likiwa na heshima yake yote, na mtu wa pwani akilisikia hukumbuka mtu mwaminifu wa mtaani ambaye watu waliokuwa wakisafiri walimwachia dhahabu zao zimefungwa kitambaa, na wakirudi wanazikuta na fundo lilelile. Je, karatasi ya benki ni kitu hicho? Hukumu ya kitu hufuata uhakika wake, haifuati jina lake, na uhakika wa hati hizi hauonekani vizuri mpaka tuijue historia yake.

Mali aliyowekewa Zubeir

Tuanze pale Madina. Imam Bukhari (Mwenyezi Mungu amrehemu) amepokea katika Sahihi yake kisa cha Zubeir bin Al-Awwam (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Watu walikuwa wakimwendea na mali zao ili awahifadhie, kwa uaminifu wake. Yeye hakukubali kuzipokea kwa sura waliyoitaka. Aliwaambia kwamba haipokei kama wadia, bali ataichukua kama mkopo, kwa sababu alichelea isipotee.

Msomaji asilipite jambo hili kwa haraka. Wadia katika fiqhi ina hukumu zake. Aliyewekewa ni mwaminifu. Mali ikiibiwa au ikiungua bila ya yeye kufanya uzembe wala kuvuka mipaka, halipi kitu. Lakini pia hana ruhusa ya kuitumia. Zubeir (R.A.) aliona kwamba mali ikipotea, mwenyewe atakuwa amepata hasara, na huenda watu wakamdhania vibaya aliyewekewa. Basi akaigeuza kuwa deni juu yake. Kwa hilo mwenye mali alipata dhamana kwamba haki yake haipotei hata ikitokea nini, na Zubeir naye akapata ruhusa ya kuifanyia kazi. Wala hakumuahidi mtu hata dirhamu moja ya ziada.

Alipouawa katika vita vya Jamal mwaka 36 Hijria, mwanawe Abdallah alihesabu madeni hayo akayakuta yamefika milioni mbili na laki mbili. Fedha taslimu hakuacha. Aliacha ardhi na nyumba. Shamba la Al-Ghaba, ambalo Zubeir alilinunua kwa 170,000, liliuzwa kwa 1,600,000. Na hata baada ya kulipa, Abdallah alikataa kuwagawia warithi mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa miaka minne kwamba mwenye kumdai Zubeir ajitokeze.

Wanazuoni wa zama zetu wamekitegemea mno kisa hiki, na wana haki. Mambo mawili yanafungamana ndani yake: dhamana na ruhusa ya kutumia. Yakipatikana yote mawili, mali si amana tena, ni mkopo, hata kama mwenye kuileta alikusudia amana. Na ikishakuwa mkopo, kila ziada iliyoshurutishwa juu yake ni riba kwa makubaliano ya wanazuoni. Benki ya kawaida inapochukua milioni 50 za msikiti haizifungii kwenye sanduku. Inazitumia, inazikopesha, na inadhamini kuzirudisha. Basi mas-ala ya neno "amana" juu ya karatasi yalikwisha tangu zama za Maswahaba.

Karatasi zilizouzwa sokoni

Kisa cha pili ni cha karatasi yenyewe. Katika zama za Marwan bin Al-Hakam, alipokuwa gavana wa Madina, watu waliandikiwa hati za kuwapa haki ya kupokea chakula kilichokuwa kikishukia Al-Jar, bandari ya Madina katika Bahari ya Sham. Hati hizo ziliitwa sukuk, wingi wa sakk. Watu wakaanza kuuziana hati wenyewe kwa wenyewe kabla ya kukipokea chakula. Imam Malik katika Muwatta anasimulia kwamba Zaid bin Thabit na Swahaba mwingine walimwendea Marwan wakamuuliza kama anahalalisha biashara ya riba. Na katika Sahihi Muslim aliyemkabili Marwan ni Abu Huraira (Radhi za Allah ziwe juu yao). Marwan akawatuma askari wake wazinyang'anye hati mikononi mwa watu na kuwarudishia wenyewe.

Imam Nawawi alipoisherehesha hadithi hii alieleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi kwa wanazuoni wetu wa Kishafi ni kuwa yule wa kwanza aliyeandikiwa hati anaruhusiwa kuiuza, kwa kuwa haki ni yake iliyothibiti. Aliyekatazwa ni aliyenunua kwake kisha akauza tena kabla ya kupokea. Tumelileta hili ili wanafunzi wajue kwamba maulamaa hawakuikataa karatasi kwa kuwa ni karatasi. Waliuliza: nyuma yake kuna nini? Na aliyeishika amemiliki nini hasa anachokiuza? Ikiwa hati ya chakula ilizua ukali wote huo, hati ambayo nyuma yake hakuna ila deni la fedha ina mlango mwembamba zaidi, maana fedha kwa fedha haziuzwi ila sawa kwa sawa na mkono kwa mkono.

Wakfu nao waliingia

Asidhani mtu kuwa hili la taasisi za dini kutafutia fedha zao faida ni jambo la leo. Katika dola ya Uthmaniya, karne ya kumi Hijria, ulienea mtindo wa kuweka wakfu wa fedha taslimu. Imam Zufar, mwanafunzi wa Abu Hanifa, imepokewa kwake kuruhusu dirhamu ziwekwe wakfu, zitolewe kwa mudharaba na faida yake igawiwe. Sheikhul Islam Abu Suud, aliyeshika cheo hicho kuanzia mwaka 1545 hadi kufa kwake mwaka 1574, aliutetea wakfu huo na akauandikia risala. Imam Birgiwi, aliyefariki mwaka 1573, aliupinga kwa nguvu zake zote. Sisi Mashafi wakfu wa dirhamu haujuzu katika kauli iliyo sahihi zaidi ya madhehebu yetu, kwa kuwa haziwezi kunufaisha huku zenyewe zikibaki.

Lakini lililo muhimu kwetu ni utekelezaji. Mudharaba aliyoizungumza Imam Zufar haikutumika sana. Wasimamizi wengi walitaka pato la uhakika, basi wakatumia hila: mkopaji "anauza" nyumba yake kwa wakfu, kisha anaikodi, na mwisho wa muda anairudisha kwa bei ileile. Kodi aghalabu ilikuwa kati ya asilimia 10 na 15 kwa mwaka. Nyumba haikuondoka kwa mwenyewe hata siku moja. Tunawadhania kheri wema waliotangulia. Walikuwa na shule na majiko ya masikini ya kuendesha. Ila mwenye kusoma habari hizi ataona tamaa ileile iliyowatazamanisha wazee wetu wa msikiti, tamaa ya kupata faida bila ya kubeba hasara.

New York, mwaka 1961

Sasa tufike kwenye hati yenyewe kama inavyojulikana leo. Marekani, baada ya mporomoko mkubwa wa uchumi, ilipitisha sheria ya mabenki ya mwaka 1933. Benki zilikatazwa kulipa riba kwa akaunti za hundi, zile ambazo mtu huchukua fedha zake wakati wowote, na benki kuu ikapewa mamlaka ya kuweka kikomo cha riba kwa amana za muda. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali, kwa kuwa riba yenyewe ilikuwa chini. Ilipopanda katika miaka ya 1950, makampuni makubwa yaliona haina maana kuacha mamilioni ya dola yakilala bila ziada. Wakayatoa benki na kununua dhamana za muda mfupi za serikali. Benki kubwa za New York zikaanza kukauka.

Mwezi Februari 1961 benki ya First National City Bank, ambayo baadaye iliitwa Citibank, ilitoa dawa. Kampuni ikiweka fedha kwa muda maalumu, benki itaipa hati, na hati hiyo inauzika. Kampuni ikihitaji fedha kabla ya muda, haiendi benki kuvunja mkataba. Inaiuza hati kwa mwingine. Na ili mnunuzi apatikane daima, kampuni ya udalali ya Discount Corporation of New York ilikubali kuzinunua na kuziuza. Walter Wriston, mmoja wa wakuu wa benki hiyo, ndiye anayetajwa sana kwa ubunifu huu. Udalali huu ndio uliokuwa roho ya jambo zima, maana hati bila ya soko ni amana ya muda tu yenye karatasi nzuri.

Kutoka hapo zilizaliwa aina nyingi, na wenye kusimamia mifuko ya pensheni, bima na fedha za taasisi huzijua kwa majina yake. Iko hati isiyohamishika, ambayo aliyeandikiwa hana budi kusubiri muda uishe au alipe faini. Hii ndiyo inayoletewa misikiti yetu mara nyingi. Iko hati inayouzika, ya mafungu makubwa: haipungui dola 100,000, na sokoni huuzwa kwa milioni milioni. Iko ya dola inayotolewa nje ya Marekani, iliyoanza London mwaka 1966, na miaka miwili baadaye Waingereza wakatoa ya pauni yao. Iko inayotolewa Marekani na matawi ya benki za kigeni. Iko yenye riba isiyobadilika na yenye riba inayopanda na kushuka kufuata soko. Na iko inayouzwa kwa bei ya chini ya thamani iliyoandikwa, ili tofauti iwe ndiyo pato.

Msomaji mwenye kujifunza fiqhi asibabaishwe na wingi wa majina. Tuchukue mfano. Hati ya dola 1,000,000 kwa miezi sita, riba ya asilimia 4 kwa mwaka, mwisho wake italipwa 1,020,000. Baada ya miezi mitatu mwenyewe anaiuza kwa takribani 1,010,000. Mnunuzi ametoa fedha leo ili apokee fedha zaidi baada ya miezi mitatu. Hapa yamekusanyika yale mawili tuliyoyataja: mkopo wenye ziada, ambao Zubeir (R.A.) hakuutoa kwa mtu yeyote, na deni la fedha linalouzwa kwa fedha kwa tofauti na kwa kuchelewesha, jambo baya zaidi kuliko lile lililowapeleka Maswahaba kwa Marwan. Ile isiyohamishika ina ubaya mmoja, inayouzika ina mawili. Na ile inayouzwa kwa bei ya chini, ambayo baadhi ya watu hudhani imesalimika kwa kuwa neno riba halikuandikwa, ni mkopo wa 98 kwa malipo ya 100.

Hata dhamana inayosifiwa ina mipaka yake. Mwaka 1961 bima ya serikali ya Marekani kwa amana ilikuwa dola 10,000 kwa mtu katika benki moja. Mwenye hati ya milioni hakuwa na cha kumlinda isipokuwa afya ya benki yenyewe. Mwaka 1984 benki ya Continental Illinois ya Chicago, iliyojiendesha kwa fedha kubwa za taasisi za ndani na nje, ilikimbiwa na wenye fedha kwa siku chache tu, na serikali ikalazimika kuiokoa.

Misri na herufi tatu

Katika nchi za Kiislamu mjadala mkali zaidi ulikuwa Misri. Mwaka 1965 Benki ya Taifa ya Misri ilianza kutoa hati za uwekezaji kwa aina tatu, zikajulikana kwa herufi Alifu, Baa na Jiim. Ya Alifu hukaa miaka kumi, riba ikiongezwa juu ya rasilimali mpaka mwisho. Ya Baa ni ya miaka kumi pia, ila pato hulipwa kila miezi sita. Ya Jiim haina pato; wenye nazo huingizwa katika kura, na anayeangukiwa hupata zawadi. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1965, katika mji huohuo wa Cairo, wanazuoni waliokusanyika katika mkutano wa pili wa Majmaul Buhuth ya Al-Azhar walikata shauri kwamba ziada juu ya aina zote za mikopo ni riba iliyoharamishwa, iwe mkopo wa matumizi au wa uzalishaji, nyingi au kidogo.

Kwa miaka ishirini na zaidi Darul Iftaa ilikwenda na msimamo huo. Sheikh Jadul Haq, alipokuwa Mufti, alitoa fat-wa kwamba hati zenye pato lililowekwa kabla ni riba. Kisha mwezi Septemba 1989 Mufti Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi alitoa fat-wa ya kuzihalalisha, na taifa zima likagawanyika. Ni insafu tuieleze hoja yake kama alivyoieleza. Alisema mwenye kununua hati hakusudii kuikopesha benki, anakusudia kuiwakilisha imfanyie kazi mali yake. Kwamba sharti la faida kuwa fungu lisilojulikana ni ijtihadi ya mafaqihi na si nassi, na kwamba katika zama za uaminifu kuharibika, kuweka kiwango kabla kunamlinda mwenye mali asidhulumiwe. Alipokuwa Sheikh wa Al-Azhar, Majmaul Buhuth ileile, mwaka 2002, ilitoa uamuzi unaokubaliana naye kuhusu kuwekeza katika benki zinazotaja faida kabla.

Wanazuoni wengi walimjibu, miongoni mwao Sheikh Yusuf Al-Qaradhawi na Sheikh Ali As-Salus. Nasi tunaona majibu yao yana nguvu zaidi. Ikiwa benki ni wakili, wakili hadhamini hasara asiyoisababisha. Mbona benki inadhamini rasilimali yote? Na ikiwa ni mudharaba, Ibnul Mundhir amenukuu ijmai kwamba mudharaba inabatilika mmoja akijishurutishia dirhamu maalumu. Kukiita ijtihadi tu kitu kilichonukuliwa ijmai si jambo jepesi. Hoja ya kuharibika uaminifu inatugusa, maana sote tunaona. Lakini dawa ya mudharib mwongo ni ukaguzi wa hesabu na mahakama. Pamoja na hayo Sheikh Tantawi alikuwa mwanachuoni, aliyeandika tafsiri ya Qur'ani nzima, na lugha tulizozisikia baadhi ya watu wakimtolea hazifai kwa mwenye kutafuta elimu.

Juu ya herufi Jiim kulikuwa na tofauti zaidi. Wako waliosema zawadi ni ahadi ya hisani tu, haijashurutishwa kwa mtu fulani. Wengine wakasema mkusanyiko wa wakopeshaji umeshurutishiwa ziada, kisha ziada hiyo ikapigiwa kura. Riba ikaongezewa kamari.

Uamuzi wa baraza lenye wanazuoni wa nchi nyingi ulikuja mwezi Machi 1990. Majmaul Fiqhi ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha sita Jidda, iliamua kwamba dhamana zinazobeba wajibu wa kulipa rasilimali pamoja na ziada ni haramu kuzitoa, kuzinunua na kuziuza, hata zikiitwa hati za uwekezaji au za akiba. Zile zinazouzwa chini ya thamani yake zikaingizwa humo, na zile za zawadi vilevile. Mwaka 1995, katika kikao cha tisa Abu Dhabi, baraza hilohilo likafafanua amana za benki: akaunti ya kawaida ya kuchukua wakati wowote ni mkopo, iwe katika benki ya Kiislamu au ya riba; amana yenye ziada ni mkopo wa riba; na amana iliyotolewa kwa mkataba wa mudharaba ni rasilimali ya mudharaba na hukumu zake ndizo zinazotumika.

Badala yake, na kinachofichwa ndani ya badala

Benki za Kiislamu zilipofunguliwa Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2011, kamati zetu zilipata mlango mwingine. Hati ya mudharaba haisemi asilimia 9 ya rasilimali. Inasema mfano, katika kila faida itakayopatikana, sitini ni ya mwenye mali na arobaini ni ya benki. Kiwango kinachotangazwa ni cha kutarajiwa, si cha kuahidiwa. Iko mudharaba iliyoachiwa benki iamue, na iko iliyofungwa kwa kazi maalumu. Iko pia ya uwakala, benki ikipewa ujira wake.

Mwanafunzi aliyesoma Minhaji atauliza: je, muda? Na swali lake ni zuri. Kwa madhehebu yetu qiradhi haihitaji muda, na ukiwekwa muda ambao baada yake mfanyaji kazi anakatazwa kufanya biashara yoyote, mkataba unaharibika, kwa kuwa huenda muda ukaisha bidhaa bado hazijauzika. Akikatazwa kununua tu huku akiruhusiwa kuuza, inasihi katika kauli iliyo sahihi zaidi. Mahanafi na Mahanbali wanaruhusu muda. Hati zote za miezi mitatu na miezi kumi na miwili zimesimama juu ya kauli yao, na hakuna ubaya kuwafuata, ila anayezifundisha huku pwani aseme kwamba anawafuata.

Mlango ambao tunauonea shaka ni wa tawarruq. Taasisi inaiwakilisha benki inunue bidhaa, aghalabu madini, kwa fedha taslimu, kisha benki inajiuzia bidhaa hiyo kwa bei ya juu itakayolipwa baada ya mwaka, na inaiuza sokoni siku hiyohiyo. Karatasi zinapita, madini hayatikisiki ghalani. Mwisho taasisi imetoa 100 na imeandikiwa deni la 109. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka liliitazama sura hii hasa, chini ya jina la badala ya amana ya muda, likaikataza katika kikao chake cha mwaka 2007; na Majmaul Fiqhi ikaikataza tawarruq iliyopangwa katika kikao cha Sharjah mwaka 2009. Tukiilinganisha na ile nyumba ya Uthmaniya iliyouzwa bila kuhama, tofauti ni kwamba nyumba angalau ilionekana kwa macho.

Malaysia ina funzo kubwa hapa. Soko lao la fedha la Kiislamu baina ya mabenki lilianza mwaka 1994, na ndani yake zilitolewa hati za amana zinazouzika za sura mbili: moja ya mudharaba, nyingine ya kuuza mali na kuinunua tena kwa bei ya kuchelewesha, ambayo jamhuri ya wanazuoni wa nchi nyingine hawaikubali. Kisha sheria yao ya mwaka 2013 ikazilazimisha benki kusema ukweli: kilicho amana kidhaminiwe na kiitwe amana; kilicho uwekezaji kiitwe uwekezaji, na mwenye mali aambiwe kwamba mali yake inaweza kupungua. Fedha nyingi zilizokuwa zimeandikwa mudharaba hazikubaki mudharaba. Watu walipoulizwa wazi, waliitaka dhamana, na benki zikawahamishia katika amana za tawarruq.

Kwa msimamizi wa mali ya msikiti au wakfu jambo hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu yeye mwenyewe ni mwaminifu juu ya mali isiyokuwa yake. Anaogopa kupoteza, na ana haki kuogopa. Tunachowaambia wanaotuuliza ni kwamba fedha itakayohitajika karibuni iwekwe katika akaunti isiyo na ziada. Huo ni mkopo uliodhaminiwa, hauna faida na hauna riba. Ile ambayo haitahitajika kwa muda mrefu inaweza kutolewa kwa mudharaba, kwa kipimo ambacho mafaqihi wetu wamekitumia kwa walii wa yatima: kuwepo maslahi, kuaminika kwa anayepewa, na kutoihatarisha mali yote mahali pamoja. Kama waliochanga walichanga kwa ajili ya ujenzi tu, waulizwe kwanza. Na kabla ya kutia saini, isomwe ile sehemu ya fomu inayosema nani anabeba hasara. Ikisemwa kwamba rasilimali inarudi kamili kwa hali yoyote na ziada iko palepale, hapana haja ya kusoma jina lililo juu.

Ama kamati ambayo tayari imo katika hati ya riba, rasilimali ni yao na waichukue muda ukiisha, wasirudie mkataba. Ziada wasiiache benki wala wasiiingize katika hesabu ya msikiti. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema itolewe kwa mafukara na maslahi ya jumla ya watu, kama visima na barabara, kwa nia ya kujitakasa nayo na si kwa nia ya sadaka.